Sauti Huishi kwa Kuhama: Santuri, Kanda na Diski katika Nchi ya Abagusii

Mvua ya Kisii haisubiri ruhusa. Asubuhi jua huwaka juu ya migomba na mashamba ya majani chai. Alasiri mawingu hukusanyika, na kabla watoto hawajafika nyumbani kutoka shule, njia ya udongo mwekundu imegeuka utelezi. Nyanda hizi, zilizo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari pale mjini Kisii na kuzidi hapo ukipanda kuelekea Borabu, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Ndiyo mvua inayostawisha chai, ndizi na mahindi. Ndiyo hiyo hiyo inayokula kaseti.

Anayebisha na afungue kasha la bati lililosukumwa chini ya kitanda siku redio kaseti ilipoharibika. Humo mna kanda za kwaya za Kisabato, harusi ya shangazi, hotuba za mazishi ya babu, na nyimbo za mwanamuziki Christopher Monyoncho zilizonakiliwa mara nyingi mpaka gitaa linasikika kama linapigwa ng'ambo ya mto. Ukiinua kanda moja kwenye mwanga utaona unga mweupe kwenye kingo za utepe. Usiupulize ukidhani ni vumbi. Ni kuvu, na imekuwa ikijilisha kwa miaka.

Makala haya yanaifuata safari ya sauti za Kisii na Nyamira, kaunti za Abagusii magharibi mwa Kenya, kutoka kichwani mwa mzee hadi kwenye diski ya kompyuta. Ni safari ya zaidi ya karne moja, na funzo lake ni moja: hakuna sauti iliyohifadhika kwa kufungiwa. Kila iliyotufikia ilitufikia kwa sababu mtu fulani aliihamisha kutoka chombo kilichokuwa kinakufa kwenda chombo kilichokuwa kinazaliwa, na pembeni yake alikuwepo mtu aliyejua ni sauti ya nani.

Maktaba ya kwanza

Kabla ya mashine yoyote, Abagusii walikuwa na namna yao ya kutunza sauti. Nyimbo zilipangwa kwa kazi na kwa umri. Vijana waliotoka jandoni waliimba esimbore, wimbo usioimbwa ovyo wala mbele ya kila mtu. Na palipokuwa na pombe, sifa au msiba, mpiga obokano aliketi.

Obokano ni kinubi chenye nyuzi 8, kikubwa kuliko vinubi vya majirani. Bakuli lake la mbao huwambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake ni nzito, ya chini, yenye mkwaruzo ndani yake kama mzee anayesema akiwa amekunja koo. Wageni waliokisikia walikiita besi ya Afrika Mashariki. Mkwaruzo huo tuukumbuke, maana utatuletea kesi mbele.

Maktaba hii ya vichwani haikuwa ndogo. William Ochieng' alipoandika historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, iliyochapwa mwaka 1974, sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka vinywani mwa wazee: koo, safari za kutoka Mlima Elgon kupita Kano na Kabianga, njaa, maradhi na vita. Wazee wale walikuwa wamepokea maneno kwa wazee waliowatangulia. Nao walikuwa wakinakili, ila nakala yao ilikaa kwenye pumzi. Mnakili alipokufa kabla ya kupata mrithi, hapakuwa na fundi wa kuifufua kanda ile.

Nta, sandarusi na jina la Chemirocha

Mashine za kunasa sauti ziliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa wanasayansi. Mjini Berlin kulianzishwa mwaka 1900 hazina ya sauti iliyokusanya silinda za nta kutoka pembe zote za dunia. Mwaka 1906 mtafiti Karl Weule alirekodi kwa silinda hizo kusini mashariki mwa koloni la Wajerumani, Tanzania Bara ya leo. Nta ni laini: kila sindano inapopita juu yake hukwangua kidogo, hivyo kuisikiliza silinda ni kuimaliza. Wajerumani waliligundua hilo mapema wakaanza kutengeneza kalibu za shaba za kutolea nakala. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hazina hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kumbe hata mwanzoni kabisa mwa fani hii, zilizosalimika ni zile zilizonakiliwa.

Mlango wa pili ulikuwa wa biashara. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, zikabeba wimbo wa dakika kama tatu kila upande. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, aina ya sandarusi, uliochanganywa na unga wa mawe: ngumu, nzito, na zikianguka sakafuni huvunjika kama sahani ya udongo. Hata hivyo zilipanda reli, zikapanda mabega, zikafika bara.

Jinsi zilivyofika tunaijua kwa kisa cha majirani. Mpakani mwa Nyamira, upande wa Wakipsigis, santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, zilisikika kwenye gramafoni na kuwashangaza watu. Huyu kiumbe anayeimba ndani ya sanduku ni nani? Jina lake lilipinda ndimi za wasikilizaji likawa Chemirocha, na akatungiwa nyimbo kana kwamba ni nusu mtu, nusu mnyama. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita nchi hiyo na mitambo yake garini, akawarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba Chemirocha. Sauti ilikuwa imetoka Marekani kwa santuri, ikageuzwa Kikipsigis, ikarudi duniani kwa santuri nyingine.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda. Kazi yake ina deni na sifa. Sifa ni kwamba bila yeye sauti nyingi za miaka ya 1950 zisingekuwepo. Deni ni kwamba sauti hizo zilikaa mbali na wenyewe kwa zaidi ya miaka 60.

Santuri za Nairobi

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliorudi kutoka jeshini walirudi na gitaa. Nairobi ikawa na studio, kisha katika miaka ya 1950 ikawa na kiwanda cha kuchapa santuri, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 studio ya Equator chini ya Charles Worrod ikawa mahali pa kutafuta jina. Santuri ya sandarusi ilianza kuondoka, ikaja ya plastiki yenye mzunguko wa 45 kwa dakika: nyepesi, haivunjiki kirahisi, wimbo upande huu na wimbo upande ule.

Santuri hiyo ndogo ndiyo iliyoipa Ekegusii, lugha ya Abagusii, nafasi madukani. Benga, muziki wa gitaa, ilipopamba moto upande wa Wajaluo, ikiongozwa na akina Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz na kusukumwa sokoni na wafanyabiashara kama Oluoch Kanindo, mdundo wake haukusimama mpakani. Wanamuziki wa Kisii waliuchukua wakaupa lugha yao, methali zao na masuala ya nyumbani kwao: ndoa, ulevi, ardhi, wivu. Mkubwa wao katika kumbukumbu za watu ni Christopher Monyoncho, aliyeimba kwa Ekegusii kwa miongo mingi hadi kifo chake mwaka 2013. Muulize mkazi yeyote wa Keroka au Ogembo aliyepita miaka 50. Ataanza kuimba kabla hujamaliza swali.

Lakini santuri hizi zilikuwa na udhaifu wa soko dogo. Wimbo wa Kiswahili au wa lingala ulichapwa kwa matumaini ya kuuzwa kuanzia Mombasa hadi Kampala. Wimbo wa Ekegusii ulichapwa kwa ajili ya wilaya moja na watu wake waliotawanyika mijini. Nakala zilikuwa chache tangu mwanzo, na zile chache zilichezwa baani kwa sindano butu iliyochimba mifereji usiku baada ya usiku. Ndiyo maana leo anayesaka santuri ya zamani ya Kisii kwa wauzaji wa Nairobi, kama kibanda mashuhuri cha James Rugami katika soko la Kenyatta, atapekua marundo mengi ya benga na rumba kabla ya kukutana na lebo yenye jina la Omogusii.

Redio na tepu zilizofutwa

Idhaa nayo ilikuwa na hazina yake. Shirika la utangazaji lililogeuka Sauti ya Kenya mwaka 1964, kisha KBC mwaka 1989, lilitangaza kwa lugha nyingi, Ekegusii ikiwemo, na matangazo ya magharibi yalitoka Kisumu. Studio za redio zilitumia tepu pana ya robo inchi iliyozungushwa kwenye magurudumu. Humo viliingia vikundi vya ngoma, wapiga obokano, kwaya za shule, mahojiano na machifu, mawaidha ya kilimo.

Tepu ilikuwa ghali, na uzuri wake mkubwa ndio ulikuwa balaa yake: inafutika. Santuri ukitaka kuiondoa duniani lazima uivunje. Tepu waipitisha tena mbele ya kichwa cha kurekodia, na mzee aliyesafiri siku nzima kuja kupiga obokano anakuwa taarifa ya bei za mazao. Idhaa nyingi duniani, kubwa na ndogo, zilifanya hivyo bila nia mbaya. Zilikuwa zinabana matumizi.

Tepu zilizonusurika zina maadui wengine. Za zamani zaidi zilitengenezwa kwa asetati, ambayo ikizeeka hutoa harufu ya siki, hunywea na kukatika. Za baadaye, hasa za miaka ya 1970 na 1980, zilipakwa gundi inayofyonza unyevu wa hewa. Baada ya miongo gundi hulainika, tepu ikanata kwenye mashine, ikalia kama bawaba kavu na kuacha unga wa kahawia, ambao ndio muziki wenyewe. Kwa hali ya hewa ya ukanda wa Ziwa Victoria, ugonjwa huo haukuhitaji kualikwa.

Zama za kaseti

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kikasha kidogo cha plastiki chenye utepe usiofika upana wa milimita 4. Ndani ya miaka 20 kikasha hicho kilikuwa kimeiangusha santuri Afrika Mashariki. Kilitumia redio ya betri, kikaingia mfukoni, na zaidi ya yote kilimpa mwananchi uwezo wa kurekodi mwenyewe.

Hapo ndipo Kisii na Nyamira zilipojaa sauti. Makanisa yaliyotokana na misheni za mwanzo, Nyabururu ya Wakatoliki na Nyanchwa ya Waadventista, yalikuwa yamelea waimbaji kwa miongo mingi. Sasa kila kwaya ikataka kanda yake. Jumamosi ya Sabato ilianza na kuisha kwa kaseti. Familia zilirekodi harusi na matanga. Mwana aliyekuwa Nairobi au Mombasa, ambaye mama yake hakusoma, alipokea kanda badala ya barua: salamu za nyumba moja moja, kuku wakipokezana na wajukuu kwa nyuma, kisha ombi la karo.

Kaseti pia ndiyo iliyowafilisi wanamuziki. Kwenye stendi za mabasi vilichipuka vibanda vyenye mashine mbili: moja inacheza, nyingine inanasa. Ukipeleka kanda tupu, unarudi jioni kuchukua nyimbo uzitakazo. Mwenye wimbo hakupata hata senti. Studio na kampuni za Nairobi zilidhoofika, na chama cha kusimamia haki za watunzi, MCSK, kilichoanzishwa mwaka 1983, kilijikuta kikikimbiza moshi.

Hapa historia inamkejeli msomaji wake. Nakala halisi za kampuni nyingi zilipotea kampuni zilipofungwa, na mara nyingine wimbo unapatikana leo kwa sababu tu kibanda cha stendi kiliunakili bila ruhusa. Mwizi wa jana ndiye mlinzi wa ghala leo. Hilo halimsafishi. Linatukumbusha tu kwamba wimbo uliosambaa una nafasi kubwa ya kuishi kuliko uliotunzwa mahali pamoja.

Mikono ya fundi

Watu wengi hudhani kuhamisha kanda ni kuchomeka waya kati ya redio na kompyuta. Waya upo, lakini ndio mwisho wa kazi.

Santuri huanza kwa kuoshwa, kwa maji safi na brashi laini kufuata mfereji, pasipo kulowesha karatasi ya katikati yenye majina. Santuri ya mizunguko 78 haioshwi kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha. Sindano nayo huchaguliwa: mfereji wa santuri ya zamani ni mpana, nao hutaka sindano nene karibu mara tatu au nne kuliko ya santuri ya plastiki. Ukitumia nyembamba itateleza chini ya mfereji, mahali uchafu ulipolala, na utarekodi uchafu.

Kaseti yenye kuvu haichezwi kwanza. Husafishwa, fundi akiwa amefunika pua na mdomo, maana kuvu ile huingia kifuani. Kama kikasha kimepinda, utepe huhamishiwa kikasha kizima chenye skrubu. Utepe wa kaseti ya dakika 90 una unene wa mikromita 12 hivi, mwembamba kuliko unywele, na urefu unaozidi mita 120. Mkono wenye haraka huumaliza. Tepu ya studio inayonata huwekwa kwenye joto la wastani la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, gundi ikashika tena kwa majuma machache, na katika majuma hayo lazima inakiliwe.

Kisha huja marekebisho yanayomtofautisha fundi na mwenye duka. Kichwa cha mashine ya kuchezea lazima kisimame kwenye pembe ile ile ya mashine iliyorekodi. Kikiinama kidogo tu, sauti za juu hufifia na herufi "s" humezwa. Fundi husikiliza, akazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka mwimbaji atoke nyuma ya pazia. Hakuna programu inayoweza kurudisha baadaye kilichokosekana hapa. Wala hakuna njia ya mkato ya muda: kanda ya dakika 90 yataka dakika 90 za kusikilizwa.

Kwa upande wa tarakimu, hazina nyingi zinazofuata mwongozo wa chama cha kimataifa cha hazina za sauti, IASA, huipima sauti mara 96,000 kwa sekunde kwa ubora wa biti 24, katika faili lisilobanwa. Saa moja ya namna hiyo hula gigabaiti mbili. Diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba dakika 80 za muziki kwa sababu kipimo chake ni cha chini, 44,100 kwa biti 16. Faili la ubora wa hazina huenea dakika 20 hivi tu ndani yake. Basi CD ni ya kumpelekea bibi asikilize, wala isihesabiwe kuwa hazina.

Sasa ile kesi ya obokano. Programu za kusafisha sauti hufunzwa kutafuta kelele: mvumo wa umeme, ambao kwa Kenya uko kwenye hetsi 50 na vizidishio vyake, mchakacho wa tepu, mikwaruzo ya santuri. Obokano huvuma chini kabisa, na mkwaruzo wa nyuzi zake ni sehemu ya sauti yake. Kijana wa studio asiyeijua ataweka kichujio cha kukata mvumo, abonyeze kitufe cha kuondoa mikwaruzo, na kutoa rekodi safi, nyororo, isiyo na obokano. Amekitibu chombo ugonjwa ambao ndio uhai wake. Kwa hiyo kanuni ya mafundi wa hazina ni hii: nakala ya kwanza huwekwa jinsi ilivyotoka, pamoja na kelele zake zote. Kusafisha hufanywa kwenye nakala ya pili, na mzee ajuaye chombo akiwa ameketi karibu. Wapigaji bado wapo. Msanii Grandmaster Masese ameipandisha obokano kwenye majukwaa ya kisasa, na kijana yeyote anayehariri rekodi za zamani angefaidika kumsikiliza kwanza mpigaji aliye hai kabla ya kugusa sauti ya marehemu.

Kurudisha nyumbani

Mkondo wa miaka ya karibuni ni wa kurudisha. Mwaka 2009 rekodi alizofanya mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann nchini Uganda katikati ya karne iliyopita, zilizohifadhiwa London, zilirejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere kwa nakala za tarakimu. Mwaka 2014 ILAM, kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi iliyoanzishwa na Tabu Osusa, na mradi wa Singing Wells, ilianza kuzirudisha rekodi za Tracey kwa jamii za Kenya. Kule kwa Wakipsigis walikutwa wazee waliorekodiwa ujanani mwao. Walivishwa vipokea sauti masikioni wakajisikia wakiimba, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Ketebul pia imefanya kazi ya kuandika historia ya benga na kukusanya rekodi za muziki wa zamani wa Kenya. Redio za Ekegusii, Egesa FM na Minto FM ya KBC, hucheza nyimbo za kale na kupokea simu za wasikilizaji wanaozikumbuka. Kila simu ya namna hiyo ni ukurasa wa katalogi usioandikwa: msikilizaji anataja mpiga gitaa, anasahihisha jina la kijiji, anaeleza wimbo ulimsema nani. Kipindi kikiisha, ukurasa unapeperuka.

Kurudisha kuna maswali ya haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda rekodi kwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa, na utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo rekodi ya mwaka 1968 inaweza kuwa huru ilhali wimbo uliomo bado ni mali ya wajane na watoto. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii inaongeza jambo jingine: kuna mali isiyo ya mtu mmoja, ambayo jamii ndiyo yenye kauli, na serikali za kaunti zimepewa wajibu wa kuiorodhesha. Mfano ni esimbore. Kanda ya jando iliyohamishwa vizuri na kutupwa mtandaoni isikilizwe na kila mtu imenusurika kwa sikio na kuvunjika kwa heshima. Hazina nzuri hujua cha kucheza na cha kufunika.

Diski nayo hufa

Mwaka 2019 UNESCO na IASA walipiga king'ora: kanda za sumaku za dunia zilikuwa zimebakiwa na muda hadi mwaka 2025, baada ya hapo nyingi hazingehamishika tena kwa njia za kawaida. Sababu yao kubwa ilikuwa uchakavu wa mashine na kukosekana kwa vipuri, pamoja na mafundi wanaostaafu bila warithi. Kanda inaweza kuwa nzima na bado ikawa bubu. Mwaka uliotajwa umekwisha kutufikia, na kule mitaani Kisii redio kaseti iliyo hai ni adimu kuliko kanda zenyewe.

Aliyehamishia kanda zake kwenye CD mwaka 2005 asijidanganye kuwa amemaliza. Diski za kuchoma nyumbani hutegemea rangi inayofifia kwa mwanga na joto, na nyingi za miaka ile sasa zinagoma. Kompyuta mpya hazina hata mlango wa kuziingiza. Kadi za simu hupotea, flashi hufa ghafla. Wanaoijua kazi hii huweka nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani, na kila miaka michache huzihamisha tena. Kuhama hakuna mwisho. Mpiga obokano aliyemfundisha mjukuu alilijua hilo kabla ya Edison, mvumbuzi wa mashine ya kunasa na kucheza sauti, kuzaliwa.

Kwa kaunti hizi mbili, wajibu hauhitaji jumba la mamilioni kuanza. Chuo Kikuu cha Kisii kina wanafunzi wanaozungumza Ekegusii na kompyuta za kutosha kuanzia. Makanisa yana kwaya zenye kanda na wazee wanaozikumbuka. Chumba kimoja kikavu, mashine mbili nzuri za kaseti, moja ya tepu, meza ya santuri na daftari vinatosha kuokoa kata nzima. Cha thamani kuliko vyote hapo ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na faili linaloitwa "Track 01" ni mali iliyokwisha kupotea ingawa linasikika.

Basi, ewe mwenye kasha la bati: litoe chini ya kitanda msimu wa kiangazi. Kanda yenye unga mweupe usiicheze. Itenge, mpe fundi. Iliyo safi ihamishe, hata kwa simu kama hakuna njia nyingine, kisha umketishe mama au shangazi, umchezee, na umuulize: ni nani huyu anayeimba, ni wapi, ni mwaka gani, aliyelia pale nyuma ni nani? Andika kila jina. Kanda itakusubiri mwaka mmoja au miwili. Anayeyajua majina hana ahadi hiyo.